Mawe ya Regensburg Yana Majina

Meli ya watalii haiwezi kupita chini ya Daraja la Mawe la Regensburg. Daraja lilijengwa kati ya 1135 na 1146, likiwa na matao 16, na mafundi wake hawakuwa na habari kwamba siku moja kungekuja chombo chenye urefu wa mita 135, vyumba vyenye roshani, na wazee wenye kamera shingoni. Nafasi kati ya nguzo ni nyembamba, na maji yanapita hapo kwa hasira. Kwa hivyo meli kubwa zinazotoka magharibi huzunguka kwa mfereji uliochimbwa kaskazini mwa mji, kisha zinafungwa kamba upande wa chini wa daraja. Karibu karne tisa zimepita na bado daraja ndilo linaloamua nani apite na nani azunguke.

Nilifika huko mwezi wa Aprili kwa hisani ya shangazi yangu. Amewauguza wazee wa Nürnberg tangu mimi niko chekechea, na alipostaafu alijinunulia safari ya wiki moja kwa meli, kutoka Nürnberg hadi Vienna. Rafiki yake aliyepaswa kwenda naye aliugua miezi kadhaa kabla, na kitanda cha pili kikawa changu. Viza nayo ina hadithi yake, wacha ikae. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa kupatikana, kwa hivyo historia yangu nimeisoma kwa kuokota: kitabu cha kuazima hapa, makala pale, na nikibahatika, kwa miguu.

Kutoka Nürnberg, kwanza unapanda mlima kwa meli. Sifanyi mzaha. Mfereji unaounganisha mto Main na Danube ulikamilika 1992, una urefu wa kilomita 171, na katikati yake unafika mita 406 juu ya usawa wa bahari. Meli inaingia kwenye chumba cha zege, mageti yanafungwa, maji yanajazwa, nayo inanyanyuka kama mtu kwenye lifti. Vyumba hivyo vina upana wa mita 12, na meli karibu mita 11 na nusu. Ule mwanya wa kila upande haufiki hata rula ya shule. Mfalme Karl Mkuu alijaribu kuchimba mfereji wa aina hii mwaka 793. Ukifika kileleni unaanza kuteremshwa, ngazi baada ya ngazi, hadi Kelheim, ambapo mfereji unamwaga meli ndani ya Danube. Regensburg iko mbele kidogo.

Ratiba ya meli iliupa mji huo saa mbili na mwongoza watalii mmoja, halafu muda huru wa kununua vitu. Na kusema kweli, mwongozaji aliijua kazi yake. Alituanzishia na Warumi. Mwaka 179, chini ya Kaizari Marcus Aurelius, walimaliza kujenga ngome ya Castra Regina kwa ajili ya askari takribani 6,000 waliolinda mpaka wa Danube. Jiwe la lango lenye jina la kaizari limehifadhiwa katika makumbusho ya mji, na sehemu ya lango lenyewe bado imesimama mtaani, imemezwa na ukuta wa jumba lililojengwa baadaye. Kisha akatupeleka kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Petro na minara yake miwili. Kisha jumba la zamani la baraza la mji, ambapo bunge la Milki Takatifu ya Kirumi lilikaa kuanzia 1663 hadi 1806 bila kuvunjwa, na ambapo chini ya ukumbi kuna chumba cha mateso. Watu walipiga picha za chumba cha mateso kuliko za bunge. Tukamalizia kwa soseji kando ya daraja, penye jiko dogo linalofuka moshi karibu na ghala la chumvi la karne ya 17.

Kila kitu kiko mahali pake. UNESCO iliuorodhesha mji wa kale wa Regensburg, pamoja na kitongoji cha Stadtamhof kilicho ng'ambo ya daraja, kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Unatembea mtaani na unaona Enzi za Kati zimekaa tu, zimepakwa rangi ya njano na waridi, chini yake mtu anauza miwani ya jua.

Tulipofika uwanja wa Neupfarrplatz, magoti ya Shangazi yalikuwa yamechoka. Katikati ya uwanja kuna kitu cheupe cha zege, kimelala chini, kina vidato na nguzo fupi fupi, kama nyumba iliyokatwa na kubakizwa msingi. Watoto walikuwa wanarukaruka juu yake na vijana wanakula aiskrimu. Shangazi akaketi.

“Kwani hapa palikuwa na nini?” akaniuliza.

Mwongozaji alikuwa ameshatuambia kwa sentensi tatu: palikuwa na sinagogi, lilibomolewa 1519, na mchoro huu wa zege ni kazi ya msanii wa Israeli, Dani Karavan, ulizinduliwa 2005. Unafuata msingi wa jengo lililokuwepo. Halafu akatupa muda huru. Shangazi alikuwa amekaa mahali ambapo watu walisali.

Hapo ndipo ziara yangu ilipoanza.

Wayahudi waliishi Regensburg tangu kabla ya mwaka 1000. Hawakuwa wageni waliopita. Katika karne ya 12 alitoka hapa Rabi Petachya, msafiri aliyefika hadi Baghdad na Nchi Takatifu, na habari za safari yake ziliandikwa kwa Kiebrania na bado zinasomwa. Yaani mji huu ulikuwa na mwandishi wa safari karne nane kabla ya meli za watalii. Mwishoni mwa karne hiyohiyo alihamia hapa Yehuda he-Hasid, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Wayahudi wa Ujerumani, akafundisha hadi kifo chake mwaka 1217.

Lakini mto huu tuliokuwa tunauteleza tukinywa kahawa ulikuwa umeshawaonyesha upande wake mwingine. Mwaka 1096, wapiganaji wa Vita vya Msalaba walipokuwa wakielekea mashariki, Wayahudi wa Regensburg walisukumwa ndani ya Danube na kubatizwa kwa lazima, wote kwa mkupuo. Mwaka uliofuata Kaizari Heinrich IV aliwaruhusu kurudi kwenye dini yao. Wakarudi, wakajenga upya maisha.

Kuna jambo jingine ambalo halifai kurukwa, kwa sababu linaharibu hadithi rahisi. Wakati wa tauni kubwa ya 1348 hadi 1350, uvumi ulienea kwamba Wayahudi wametia sumu visimani, na katika mamia ya miji ya Ujerumani wakauawa. Regensburg haikuwaua. Raia wakubwa wa mji walikula kiapo cha kuwalinda, na wakakitimiza. Kwa hivyo usiniambie kwamba watu wa zamani hawakujua mema na mabaya. Mji huu ulijua. Ulipotaka kuwalinda majirani, uliweza.

Kilichobadilika kati ya hapo na 1519 ni pesa. Njia za biashara zilihamia Nürnberg na Augsburg, Regensburg ikaanza kufilisika, na wasanii wa mikono waliokuwa na madeni wakatafuta wa kumlaumu. Mnamo 1476 Wayahudi 17 walitiwa ndani kwa tuhuma kwamba wameua watoto wa Kikristo. Walifungwa miaka kadhaa hadi Kaizari Friedrich III alipoingilia kati na wakaachiliwa. Kaizari hakufanya hivyo kwa huruma tu. Kisheria Wayahudi walikuwa chini ya ulinzi wake, na ulinzi huo walilipia kodi. Walikuwa mali ya mtu mkubwa, na mji uliogopa kugusa mali ya mtu mkubwa.

Halafu mtu mkubwa akafa. Kaizari Maximilian I aliaga dunia tarehe 12 Januari 1519. Mrithi wake angechaguliwa mwezi wa Juni. Katikati kukawa na miezi ambayo kiti kiko wazi, na baraza la mji wa Regensburg halikungoja hata miezi miwili. Tarehe 21 Februari likaamuru Wayahudi waondoke. Walipewa saa mbili kuondoa vitu vyao katika sinagogi na siku tano kutoka mjini. Walikuwa karibu watu 500, pamoja na wanafunzi wa dini. Ilikuwa Februari, baridi ya kule haihitaji maelezo. Mtu aliyekulia Nairobi anaijua notisi ya namna hii: inaletwa wakati wakubwa wanabadilishana viti na hakuna ofisi ya kukimbilia.

Sinagogi likabomolewa. Kisha makaburi yao, nje ya kuta za mji, yakavamiwa, na mawe ya makaburi, maelfu yake, yakang'olewa. Mengi yalitumiwa kama mawe ya kawaida ya kujengea. Lakini baadhi ya wenye nyumba walilichukua jiwe lenye maandishi ya Kiebrania na kulipachika ukutani makusudi, maandishi yakiangalia nje, kama vile mtu anavyotundika pembe za mnyama aliyemwinda. Desturi hiyo ilifika hata miji ya jirani. Kelheim, palepale meli yetu ilipoingia Danube, wana lao.

Wakati wa kubomoa, fundi mmoja wa mawe aliangukiwa na kifusi, akaumia vibaya, akapona haraka. Mhubiri wa kanisa kuu, Balthasar Hubmaier, ambaye kwa miaka alikuwa akiwachochea watu dhidi ya Wayahudi, akatangaza kuwa ni muujiza wa Bikira Maria. Ndani ya wiki chache pakajengwa kanisa dogo la mbao palepale kwenye vifusi, na mahujaji wakamiminika kwa maelfu na maelfu. Mji uliofilisika ukapata biashara mpya: beji za hija. Hija hiyo ilivuma miaka michache tu ikazimika. Mnamo 1542 mji ukawa wa Kilutheri, na kanisa la mawe lililokuwa likijengwa kwa ajili ya mahujaji wa Maria likawa kanisa la Waprotestanti. Bado lipo, linautazama ule mchoro mweupe. Hubmaier naye aligeuka mfuasi wa ubatizo wa watu wazima, akachomwa moto Vienna mwaka 1528. Siku chache baadaye mkewe alifungwa jiwe shingoni na kutupwa ndani ya mto huuhuu.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Leo tunajua ndani ya sinagogi lile palionekanaje: nguzo tatu nyembamba katikati, dari la matao, mwanga hafifu. Tunajua kwa sababu mchoraji mmoja alilichora kabla halijabomolewa na kulichapisha kwa sahani ya chuma. Picha mbili, moja ya ukumbini na moja ya ndani. Ni kazi nzuri, na nakala zake zinatunzwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Mchoraji huyo ni Albrecht Altdorfer, fahari ya Regensburg. Alikuwa pia mjumbe wa baraza la mji, na alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwaambia Wayahudi watoke. Juu ya picha ya ndani aliandika kwa Kilatini kwamba sinagogi limeangushwa kwa hukumu ya haki ya Mungu.

Alichora chumba kitupu. Hakuna mtu hata mmoja anayesali humo.

Kwa hivyo kumbukumbu ya jengo imetoka kwa mkono wa mtu aliyelifunga. Majina ya makaburini yamebaki kwa sababu ya majirani walioyatundika kama mapambo ya ushindi. Yale mawe yaliyotendewa kwa heshima kidogo zaidi, yakakatwa kuwa vizingiti na misingi, mengi yamepotea. Yaliyotundikwa ili kudhihaki ndiyo yanayosomeka: fulani binti fulani, amefariki siku fulani. Wenye nyumba walidhani wanaandika habari za ushindi wao, na kumbe walikuwa wanatunza ushahidi. Ndiyo maana sipendi tukisema kwamba mji wa kale “umehifadhi historia yake”. Kilichohifadhiwa ni mawe. Kuyasoma ni kazi nyingine, na huwa haimo katika zile saa mbili.

Jioni hiyo mimi na Shangazi tulitafuta jiwe moja. Lilikuwa kwenye ukuta, juu kidogo ya kimo changu, kipande cha jiwe la kijivu na herufi zake, katikati ya plasta safi ya nyumba ya watu. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa chini yake. Baadaye tulizunguka upande wa kusini wa kanisa kuu, ambako kuna sanamu ya zamani ya Wayahudi wakinyonya nguruwe. Nayo imebakizwa, ikawekewa kibao cha maelezo. Shangazi aliitazama muda mrefu.

“Miaka yote nimepita hapa nikija kununua viatu,” akasema, “na sikuwahi kuinua macho.”

Wayahudi walirudi Regensburg taratibu katika karne zilizofuata, na 1912 wakafungua sinagogi jipya. Lilichomwa usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938. Asubuhi yake wanaume wa Kiyahudi walitembezwa mitaani mbele ya watu, na bango limeandikwa kwamba huku ndiko kutoka kwa Wayahudi. Waliolitengeneza walijua Biblia vya kutosha kuifanyia mzaha.

Mji wenyewe uliponaje vita? Kiwanda cha ndege cha Messerschmitt, nje ya mji wa kale, kilipigwa mabomu na Wamarekani tarehe 17 Agosti 1943, na ndege zilizopiga hazikurudi Uingereza zilikotoka bali ziliendelea kusini hadi Algeria. Mitaa ya kale kwa sehemu kubwa ilisalimika. Lakini Aprili 1945, Wamarekani wakiwa wanakaribia, viongozi wa Kinazi walitaka mji upiganiwe hadi mwisho. Tarehe 23 umati, wengi wao wanawake, ukakusanyika kudai mji ukabidhiwe bila vita. Mhubiri wa kanisa kuu, Johann Maier, alisimama kuwatetea, akakamatwa kabla hajamaliza hotuba. Usiku huohuo alihukumiwa, na tarehe 24 akanyongwa. Siku tatu baadaye Wamarekani waliingia bila mapigano. Zile rangi za njano na waridi tunazozipiga picha zililipiwa na watu kama yeye.

Na wiki hizohizo, ng'ambo ya Daraja la Mawe, katika ukumbi wa starehe wa Stadtamhof ulioitwa Colosseum, palikuwa na tawi la kambi ya mateso ya Flossenbürg. Wafungwa wapatao 400, wakiwemo Wayahudi, walivushwa darajani kila siku kwenda kurekebisha reli zilizobomolewa na mabomu, na jioni kurudishwa. Mji mzima uliwaona. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuliita daraja lile kivutio tu.

Haki ni haki: mji umeanza kujisoma. Kati ya 1995 na 1998 wachimbuaji walifukua mtaa wa Wayahudi chini ya Neupfarrplatz, wakakuta vyumba vya chini vya nyumba, mabaki ya sinagogi, na hazina ya sarafu 624 za dhahabu ambazo mtu alizificha na hakurudi kuzichukua. Leo unaweza kushuka chini ya uwanja na kuona. Na Februari 2019, miaka 500 kamili baada ya amri ile, sinagogi jipya lilifunguliwa kwenye kiwanja cha lile lililochomwa. Wengi wa waumini wake ni wahamiaji kutoka nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti, au watoto wao. Waliofukuzwa hawakurudi. Waliokuja ni wengine, na mji umewafungulia mlango.

Meli ilifungua kamba kuelekea Passau. Dakika chache baada ya mji, upande wa kushoto, linatokea hekalu jeupe la Kigiriki limekaa juu ya kilima. Ni Walhalla, lililofunguliwa 1842 na Mfalme Ludwig I wa Bavaria ili kuweka sanamu za marumaru na vibao vya majina ya wakubwa wa lugha ya Kijerumani. Kila abiria aliinua simu. Nikasoma orodha ya waliomo. Einstein, aliyezaliwa Kusini mwa Ujerumani na kukimbia Wanazi, aliingizwa 1990. Mshairi Heinrich Heine, mzaliwa wa Kiyahudi aliyewahi kulikejeli jumba hilo, aliingizwa 2010, zaidi ya miaka 150 baada ya kufa kwake.

“Na yule msafiri wako wa Baghdad?” Shangazi akauliza.

Nikaangalia tena kutoka juu hadi chini. Hayumo.

Akatoa daftari lake dogo la kuandikia dawa, akaniambia nimtajie jina hilo herufi moja moja.